Nathaniel Baldwin: Mwalimu Aliyeunda Hedifoni Jikoni

Mwanafunzi wa Bumula anayevaa hedifoni ili asikilize redio bila kuwasumbua wenzake aghalabu hudhani kwamba chombo hicho kilizaliwa katika maabara ya kampuni kubwa, mikononi mwa wataalamu waliovaa makoti meupe. Dhana hiyo ina madhara. Humfanya kijana aamini kwamba uvumbuzi ni kazi ya watu wengine, wa mahali pengine, wenye vifaa ambavyo yeye hatavipata kamwe. Maisha ya Nathaniel Baldwin yanaikanusha dhana hiyo, na papo hapo yanatuachia onyo zito.

Baldwin alizaliwa mwaka 1878 katika mji mdogo wa Fillmore, jimbo la Utah, Marekani. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford, na aliwahi kufundisha katika chuo cha kanisa lake la Wamormoni mjini Provo. Kazi hiyo ya ualimu aliipoteza kwa kuwa aliendelea kutetea ndoa za mitala wakati kanisa lenyewe lilikuwa limekwisha kuziacha. Baadaye akaajiriwa katika mitambo ya umeme wa maji milimani.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa akihudhuria ibada katika ukumbi mkuu wa kanisa lake mjini Salt Lake City, maneno ya wahubiri hayakumfikia vyema. Kero hiyo ndogo, ambayo maelfu ya watu waliivumilia, yeye aliigeuza kuwa swali la fizikia: sauti hafifu yawezaje kufika sikioni ikiwa na nguvu?

Yafaa tuelewe alichokifanya. Katika kisikizi cha simu cha siku hizo, sumaku ilikivuta kiwambo cha chuma upande mmoja daima, nacho kikabaki kimekazwa hata pasipo sauti. Umeme hafifu haukuweza kukitikisa ipasavyo. Baldwin aliweka kipande chembamba cha chuma katikati ya ncha za sumaku, mvuto wa huku ukasawazishwa na mvuto wa kule. Hapo mkondo mdogo mno wa umeme katika koili ulitosha kukiyumbisha. Kijiti chembamba kiliupeleka mtikisiko huo kwenye kiwambo cha madini ya ulanga, nacho kikatoa sauti. Aliyewahi kutazama litungu likipigwa ataelewa mara moja: uzi hutetema, lakini ngozi iliyowambwa ndiyo inayonena.

Mwaka 1910 alikamilisha visikizi viwili vya kuvaa kichwani, akiwa nyumbani kwake, na kuvipeleka kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Wakati huo vyombo vya kukuza sauti havijaenea, na mpokezi wa simu za upepo melini alitegemea sikio lake tu. Wanamaji walivijaribu, wakaona vinapita walivyokuwa navyo, wakataka vingi. Jibu la Baldwin liliwashangaza: aliweza kutengeneza kumi tu kwa mara moja, kwani karakana yake ilikuwa jiko la nyumbani.

Kutoka jikoni alifika kiwandani. Vita Vikuu vya Kwanza vilileta maagizo mengi, na utangazaji wa redio ulipoanza kuenea Marekani baada ya mwaka 1920, raia nao walivihitaji visikizi hivyo. Kufikia mwaka 1922 kiwanda chake karibu na Salt Lake City kilikuwa na wafanyakazi wapatao 150.

Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Baldwin alitoa fedha kwa ukarimu usio na kipimo, akawaamini washirika wa imani yake na kuingia katika miradi isiyo na faida. Kampuni ilifilisika mwaka 1924. Baadaye alitiwa hatiani kwa udanganyifu uliotokana na uuzaji wa hisa, akafungwa gerezani. Alifariki mwaka 1961, akiwa maskini. Mkono uliosawazisha mvuto wa sumaku haukuweza kusawazisha mapato na matumizi.

Je, haya yatuhusu nini sisi wa Bumula? Katika vibanda vya mafundi wa redio sokoni mna spika zilizokufa, na ndani yake mna sumaku nzima na waya mwembamba wa shaba. Zungusha waya huo mara mia moja au zaidi, gandisha koili kwenye kitako cha kikombe chepesi cha plastiki, shikilia sumaku karibu yake, kisha unganisha ncha za waya na tundu la visikizi la redio ndogo ya betri, kamwe si umeme wa nyumbani. Weka kikombe sikioni. Sauti itakuwa nyembamba, lakini itakuwa sauti.

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi aweza kuchora koili na sumaku, akapata alama zote katika mtihani, na asiwahi kuvishika kwa mikono yake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio nchini mwaka 2017, unadai kutenda. Basi mwalimu asingoje maabara ikamilike. Amwalike fundi wa sokoni darasani, wala asimhesabu kuwa mtu aliyeshindwa na masomo. Na mwalimu wa biashara naye aingie somo lilo hilo, awafundishe watoto kuandika hesabu, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kumtofautisha rafiki na mshirika wa biashara.

Kanuni aliyoitumia Baldwin, ya chuma kilichosawazishwa kati ya sumaku, ingali inatumika katika visaidizi vya kusikia vya watu wenye masikio mazito. Fedha zake ziliyeyuka, bali kazi ya mikono yake inasikika hadi leo. Vijana wetu wanastahili kurithi ustadi wake pamoja na daftari ambalo yeye hakuwa nalo.