Machiavelli: Mtumishi Mwaminifu Aliyeandika Kuhusu Hila

Jina la Niccolò Machiavelli limegeuka kuwa tusi la kisiasa. Kiongozi mwenye hila huitwa mfuasi wake, aghalabu na watu wasiopata kuisoma kazi yake yoyote. Maisha ya mwandishi huyo, hata hivyo, hayalingani na sifa hiyo.

Machiavelli alizaliwa tarehe 3 Mei 1469 mjini Florence, Italia. Babake, Bernardo, alikuwa mwanasheria asiye na mali nyingi ila mpenda vitabu. Mwanawe naye alizama katika maandishi ya Warumi wa kale. Miongoni mwa Warumi hao, Cicero alikuwa amefunza kwamba nguvu za simba na ujanja wa mbweha ni tabia za hayawani, zisizomstahiki binadamu. Kwa mtazamo huo, mamlaka hudumu kwa uadilifu.

Aliyoyashuhudia Machiavelli yaliutikisa mtazamo huo. Mwezi Mei 1498 mtawa Savonarola, aliyekuwa na sauti kubwa mjini kwa mahubiri yake ya toba, alinyongwa na mwili wake kuteketezwa hadharani mbele ya umma uliowahi kumsikiliza. Majuma machache baadaye, Machiavelli, akiwa na umri wa miaka 29, aliteuliwa kuwa katibu katika serikali ya jamhuri. Mwaka 1502 alitumwa kwa Cesare Borgia, mwana wa Papa Alexander wa Sita. Borgia alikuwa amemtumia gavana katili kuituliza Romagna. Kisha alimuua na kuuanika mwili wake uwanjani Cesena ili chuki ya raia iishie kwa gavana huyo. Mhubiri alikuwa ameangamia, mtawala wa hofu akatiiwa. Lakini Borgia naye hakudumu: babake alipofariki mwaka 1503, mamlaka yake yaliporomoka.

Kwa miaka 14 Machiavelli aliitumikia jamhuri. Aliongoza ujumbe hadi Ufaransa, na akaunda jeshi la raia badala ya kutegemea mamluki. Jeshi hilo lilishiriki kuitwaa tena Pisa mwaka 1509, lakini mwaka 1512 lilishindwa huko Prato. Ukoo wa Medici ukarejea madarakani, naye akafutwa kazi. Mwaka 1513 alishukiwa kula njama, akafungwa na kuteswa kwa kuning'inizwa kwa kamba, mikono ikiwa imefungwa nyuma. Hakukiri lolote. Aliachiliwa kwa msamaha uliotolewa Giovanni de' Medici alipochaguliwa kuwa Papa.

Mwaka huohuo, akiwa shambani kwake nje ya mji, aliandika Il Principe, yaani Mtawala. Humo aliyapindua mafunzo ya Cicero: mtawala sharti ajue kuwa simba na mbweha, kwa kuwa binadamu hana shukrani, ni kigeugeu, na hutimizi ahadi kwake kwa hiari. Katika Discorsi, kitabu alichokiandika kuhusu historia ya Roma, alishikilia jambo jingine: kwamba umma unaoongozwa na sheria huwa na busara na uthabiti kuliko mfalme. Binadamu wa vitabu hivyo viwili ni yuleyule; kinachobadilika ni sheria zinazomlea.

Mwandishi mwenyewe aliwahi kusimamia mambo mazito ya dola, lakini alitoka ofisini mikono mitupu. Katika barua aliyomwandikia rafikiye Francesco Vettori mwezi Desemba 1513, aliutaja umaskini wake kuwa shahidi wa uaminifu wake. Medici walipofukuzwa mwaka 1527, jamhuri iliyorejea haikumrudishia kazi yake. Alifariki tarehe 21 Juni mwaka huo. Il Principe ilichapishwa mwaka 1532, na mwaka 1559 Kanisa likapiga marufuku vitabu vyake.

Anayemtaja Machiavelli ili kuhalalisha hila amechukua kitabu kimoja na kukiacha cha pili, pamoja na maisha yenyewe. Mtu aliyeandika kwamba binadamu hana shukrani alivumilia kamba ya mateso bila kumsaliti mtu.