Bakhita, mtoto aliyesahau jina lake



Katika mikutano yetu kuna swali moja lenye linarudi kila mara, zaidi kwa wamama: mtoto aliyeona mambo mabaya, anaweza kupona kweli? Wengi wetu tulikimbia vita tukiwa watoto, tukarudi tukiwa watu wazima. Nyumba tulijenga tena, mashamba tulilima tena, lakini moyoni mulibaki mambo yenye hatusemi. Safari hii hatutoi mafundisho. Tunaeleza tu maisha ya mama mmoja mwenye wengi wenu mlisikia jina lake kanisani, pengine bila kujua habari yake yote. Ni Josephine Bakhita.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Darfur, magharibi ya Sudan. Baba yake alikuwa ndugu wa chifu wa kijiji. Kulikuwa na mashamba na mifugo, na watoto walikuwa wengi nyumbani. Shida iliingia mule nyumbani mbele yeye mwenyewe hajaguswa: watekaji wa watumwa walimchukua dada yake mkubwa. Kilio cha mama yake siku ile alikikumbuka mpaka uzeeni.

Karibu mwaka 1877 ikawa zamu yake. Alikuwa na miaka kama 7 ao 8. Alikuwa anatembea na rafiki yake karibu na mashamba, wanaume wawili wakatokea. Wakamwambia yule rafiki atangulie, na yeye wakamtuma akawaletee mzigo kichakani. Alitii, kama vile watoto wanafundishwa kutii wakubwa. Kule kichakani wakamtolea kisu. Walipomwuliza jina lake, sauti haikutoka juu ya woga. Basi wakampa jina wao wenyewe: Bakhita. Ni neno la Kiarabu, ndugu ya neno letu bahati. Watu waliomwiba njo walimwita mwenye bahati. Na lile jina lenye wazazi wake walimpa likapotea kabisa kichwani. Hakulikumbuka tena hata siku moja.

Alitembezwa kwa miguu, bila viatu, mamia ya kilomita mpaka mji wa El Obeid. Njiani alijaribu kutoroka pamoja na msichana mwingine. Mchungaji mmoja wa kondoo akajifanya kuwasaidia, kumbe alitaka kuwauza. Alipita mikononi mwa wakubwa wengi. Katika nyumba moja, kijana wa mwenye nyumba alimpiga mpaka akalala kwa muda mrefu bila kuweza kusimama. Katika nyumba ya afisa mmoja Mturuki, bibi wa nyumba aliagiza achanjwe kwenye kifua, tumbo na mkono. Walichora kwanza kwa unga, wakakata kwa wembe, halafu wakatia chumvi ndani ya vidonda ili alama zisifutike. Yalibaki makovu 114. Alikuwa angali mtoto.

Mwaka 1883, huko Khartoum, alinunuliwa na konsuli mdogo wa Italia, Callisto Legnani. Huyu hakumpiga. Miaka miwili nyuma yake, vita vya Mahdi vilipokaribia, konsuli akafanya mpango wa kurudi kwao. Bakhita alimwomba amchukue. Walipofika Italia, Legnani akamwachia familia ya rafiki yake Augusto Michieli, karibu na Venezia. Huko akawa yaya wa mtoto wao mdogo, jina Mimmina. Hakupigwa tena, alikula vizuri, alipendwa na mtoto. Lakini alikuwa bado mtu wa kupewa, kama kitu. Hakuna mwenye alikuwa amemwuliza yeye anataka nini.

Mwaka 1888 familia ya Michieli ilikuwa na biashara huko Suakin, kwenye Bahari ya Shamu. Mama wa nyumba akaenda kule, akaacha Mimmina na Bakhita kwa masista Wakanosa, Venezia. Bakhita akakaa nao miezi mingi. Masista walimfundisha dini, naye akauliza maswali yenye alikuwa nayo tangu utoto, alipokuwa anatazama jua na nyota na kujiuliza mwenyewe wa vitu hivi ni nani.

Mama Michieli aliporudi, alitaka kumchukua waende wote Suakin. Bakhita akakataa. Mjue kwamba alimpenda Mimmina, na kuachana naye kulimwumiza. Tena hakuwa na ndugu, hakuwa na feza, na hakujua kesho atakula nini kama masista wangemfukuza. Hata hivyo alikataa. Mambo yakafika mbele ya wakubwa wa kanisa na wa serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 jibu likatoka: sheria ya Italia haitambui utumwa, kwa hiyo Bakhita ni mtu huru. Alikuwa na miaka kama 20. Tangu kichakani kule Darfur, hii ilikuwa mara ya kwanza neno lake mwenyewe kuamua mahali atakapolala.

Tunaona kwamba kupona kwake kulianzia hapa. Kule kwa konsuli na kwa Michieli watu walimhurumia, na huruma ile ilimsaidia kweli. Lakini siku ya kusema hapana, na wengine wakakubali, njo alianza kuwa mtu mzima.

Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Kati ya majina yake ya ubatizo mulikuwa Josephine, na mulikuwa Fortunata, maana yake mwenye bahati. Lile jina la watekaji hakulitupa. Aliligeuza, likawa lake. Mwaka 1896 akaweka nadhiri za usista, na tangu 1902 akaishi katika mji wa Schio. Alipika, alishona, alitunza vitu vya kanisa, alifungua mlango wa nyumba ya masista. Watoto wa mji waliokuja mlangoni walimzoea. Ni kazi ndogo ndogo, za kila siku, za miaka mingi. Dawa yake nyingine ilikuwa hiyo.

Habari ya utoto wake haikutoka haraka. Ilihitaji mtu wa kukaa naye na kusikiliza. Kitabu cha kwanza juu ya maisha yake, kilichoandikwa na mwalimu Ida Zanolini, kilitoka mwaka 1931. Tangu siku ile ya kichakani zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 50. Nyuma yake akazunguka miji ya Italia kusimulia mbele ya watu. Alisema pia kwamba angekutana na wale waliomteka, angewapigia magoti. Hilo ni neno lake yeye. Tusilichukue kumlazimisha mwanamemba mwenzetu kusamehe kabla moyo wake haujawa tayari.

Na msifikiri kwamba alisahau. Mwanzo wa mwaka 1947, alipokuwa mgonjwa sana, akili yake ilirudi utumwani. Alimwomba mwenye kumtunza alegeze minyororo, kwani ilikuwa mizito. Minyororo haikuwako, miaka 60 na zaidi ilikuwa imepita. Alikufa tarehe 8 Februari, kati ya masista wenzake. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu, na tarehe 8 Februari Kanisa Katoliki linaombea watu wenye wanauzwa hata leo.

Ndugu, sisi tulipata neema ya kurudi. Bakhita hakurudi kijijini kwao, na mama yake hakumwona tena. Hata hivyo alipata maisha. Basi mwenzetu akishtuka usiku, ao akilia bila sababu yenye tunaona, tusimwambie kwamba vita viliisha na inatosha. Bakhita pia alishtuka, na alikuwa amepona.

Kwa ninyi wafadhili wetu, tunashukuru kwa mabati na kwa mbegu. Tunaomba mjue pia kwamba kazi ya kukaa na mtu na kumsikiliza haina picha ya kutuma mwisho wa mwaka. Inaendelea polepole, na inadai watu wenye hawachoki haraka. Na kwa kila mwanamemba: mtu mpya akifika kwenye mkutano, kabla ya kumwuliza alipoteza nini, tumwulize kwanza anapenda tumwite nani.