Hans Meyer: Jamaa aliyekubali kugeuka, ndiyo maana akafika

 Huku kwetu Ngara na Biharamulo theluji tunaiona kwenye picha tu, lakini nchi hii hii ina mlima ambao baridi yake inaua watu. Leo tumcheki mzungu wa kwanza kufika kilele chake.

Hans Meyer alizaliwa Ujerumani mwaka 1858, kwenye familia yenye pesa ya wachapaji wa vitabu. Mwaka 1887 akaja kuijaribu Kilimanjaro. Alipofika kwenye theluji nzito na kuta za barafu akakwama, vifaa hana. Akashuka. Mwaka 1888 akarudi, akaangukia kwenye vita vya Abushiri huko pwani. Akakamatwa, akafungwa minyororo, akakombolewa kwa pesa. Mwingine angebaki kwao, jamaa akarudi tena 1889!

Safari hii alijipanga. Kwanza, alikuja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyeijua barafu. Pili, aliweka kambi kadhaa njiani na wapagazi wakawa wanawapandishia chakula kutoka Marangu kwa Mangi Mareale. Njaa ndiyo iliyokuwa inawarudisha wengi. Tatu, kulikuwa na Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki siku nyingi kwenye kambi ya juu kabisa, kwenye baridi kali, akiwalindia mizigo na kuwapikia. Wazungu wakaandikwa vitabuni, huyu Mswahili wachache wanamjua.

Tarehe 3 Oktoba 1889 wawili hao walipanda wamefungana kamba, wakikata ngazi kwa shoka kwenye barafu ngumu, hatua moja baada ya nyingine. Mchana wakafika ukingo wa shimo la volkano na kilele wakakiona kwa macho. Lakini nguvu zimeisha na jua halisubiri mtu. Wakageuka! Wakapumzika, wakasogeza kambi juu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni, mita 5,895.

Hapo ndipo pa kujifunza, ndugu zangu. Mlimani watu wanakufa kwa sababu wanaona aibu kurudi. Kichwa kikiuma sana, ukitapika, ukianza kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi hata umekaa, dawa ni kushuka, siyo kujikaza kiume. Mapafu yakijaa maji huna muda wa kubishana. Na nguo ikilowa, badilisha haraka, baridi inakula vidole vya mikono na miguu.

Maporomoko makubwa ya theluji kama ya Ulaya siyo tatizo kubwa Kilimanjaro. Tatizo ni mawe. Barafu inayashika usiku, jua likipiga inayeyuka, yanaachia. Januari 2006 mawe yaliwaua Wamarekani watatu upande wa magharibi wa Kibo. Ndiyo maana sehemu za namna hiyo zinapitwa alfajiri, kukiwa bado kumeganda. Purtscheller mwenyewe, pamoja na ufundi wake wote, alianguka vibaya milima ya Alps mwaka 1899, akafariki mwaka uliofuata.

Tusimpambe sana Meyer. Alikuwa mtu wa ukoloni. Kilele alikiita jina la Kaisari wao na jiwe la juu akalibeba kumpelekea. Jina hilo lilikufa, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 kikaitwa Uhuru. Alirudi mlimani mwaka 1898, akaona barafu imeshapungua. Tangu 1912 hadi 2011 imepotea asilimia 85 hivi.

Na kwetu je? Mwaka 1911 alisafiri nchi hizi za katikati ya maziwa makuu, na mwaka 1916 akatoa kitabu kuhusu Warundi, majirani zetu wa hapo ng'ambo ya mpaka. Alifariki mwaka 1929, na siyo kwenye barafu.

Kwa hiyo vijana mnaotaka kwenda Moshi kutafuta kazi ya upagazi: ulizeni kwanza habari ya koti, buti na chakula, halafu ndiyo muulize mshahara. Na kiongozi akisema tugeuke, geukeni.

Mdau uliyewahi kupanda, tupe uzoefu wako hapo chini.