Alfred Stieglitz: Mpiga Picha wa Ridhaa Aliyefukuzwa Klabuni

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, klabu za chuo hupanga meza zao na kutuita tujiandikishe. Kuna ya soka, ya mijadala, ya kupanda milima, na aghalabu ipo ya kamera. Wengi wetu huipita hiyo ya kamera tukidhani ni ya wenye vifaa vya bei mbaya. Safari hii, basi, tumtazame jamaa mmoja ambaye maisha yake yote yalizunguka klabu ya kamera: aliingia, akaijenga, akagombana nayo, na mwisho ikamtimua. Jina lake Alfred Stieglitz.

Stieglitz alizaliwa tarehe 1 Januari 1864 huko Hoboken, New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ujerumani. Baba yake alifanikiwa katika biashara ya sufu, kiasi kwamba mwaka 1881 aliichukua familia nzima kurudi Ulaya ili watoto wasome. Alfred akaandikishwa Berlin kusomea uhandisi wa mitambo. Baba ana mpango wake, mtoto ana wake. Stori hii wengi wetu tunaijua vizuri. Huko chuoni alimkuta mwalimu wa kemia, Hermann Wilhelm Vogel, mtaalamu wa kemia ya picha. Kijana akanunua kamera, na uhandisi ukaishia hapo.

Mwaka 1887 alipeleka picha kwenye shindano la jarida la Amateur Photographer la London. Alikuwa ameipiga Bellagio, Italia, ikionyesha watoto wakicheka pamoja na mwanamke. Mwamuzi alikuwa Peter Henry Emerson, mpiga picha aliyeheshimika mno Uingereza, naye akaipa nafasi ya kwanza. Kwa mwanafunzi wa miaka 23 asiye na jina, huo ndio ulikuwa mlango.

Alirudi New York mwaka 1890 na kukuta mambo yamebadilika. Miaka miwili kabla, George Eastman alikuwa ameuza Kodak ya kwanza, kamera ya dola 25 iliyojazwa filamu ya kutosha picha 100. Ukimaliza unairudisha kiwandani, wao wanasafisha picha na kukujazia filamu mpya. Kabla ya hapo kupiga picha kulitaka uijue kemia. Sasa kidole kilitosha. Kila mtu akawa mpiga picha. Sisi tuliozoea kupiga mamia ya picha kwa simu na kuzisahau kesho yake, tunaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Stieglitz alijiunga na chama cha wapiga picha wa ridhaa cha New York. Neno hilo, ridhaa, alilishikilia maisha yake yote. Kwake mtu wa ridhaa si mwanagenzi. Ni mtu anayefanya jambo kwa kulipenda, asiyepangiwa na mteja wala bosi. Lakini tuseme ukweli jamani: aliweza kusema hivyo kwa sababu njaa haikumbana. Baba yake alimsaidia kwa fedha, na mke wake wa kwanza, Emmeline Obermeyer, aliyemwoa mwaka 1893, alitoka familia yenye kiwanda cha bia. Si kila mpenda picha alikuwa na baba wa namna hiyo.

Hata hivyo bidii alikuwa nayo. Tarehe 22 Februari 1893, theluji ikimwagika, alisimama Fifth Avenue na kamera ndogo ya mkononi, kwa maelezo yake muda wa saa tatu, akingoja gari la farasi lifike mahali alipotaka. Wakati ule iliaminika kwamba picha ya maana haipigwi katika hali kama ile, tena bila kamera kusimama juu ya miguu yake mitatu. Wenzake wa chama walipoona kioo chenye picha hiyo walicheka, wakamwambia akitupe kwani picha ina ukungu. Hakukitupa. Alikata pembeni, akabakiza sehemu ya kati, akachapa upya. Leo ni mojawapo ya picha zake zinazojulikana sana.

Ifikapo mwaka 1896, vyama vya kamera vya jijini vilikuwa hoi. Baiskeli ndiyo ilikuwa habari ya mjini, na inasemekana walikuwepo wanachama waliotaka klabu yao igeuzwe ya waendesha baiskeli. Stieglitz akapigania vyama viwili viungane, na kweli vikaungana mwaka huo kuwa Camera Club ya New York. Alipotakiwa kuwa rais alikataa, akachukua umakamu na kusimamia machapisho. Alijua nguvu iko wapi! Julai 1897 akatoa jarida la klabu, Camera Notes, na kulifanya lisomwe hata nje ya Marekani.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Jarida ni la klabu, fedha ni za klabu, ila picha zinazotoka ni zile anazozipenda Stieglitz. Mwanachama wa kawaida, anayelipa ada yake na kutumia chumba cha giza jioni akitoka kazini, hakuona picha yake humo. Akilalamika anaambiwa haijafikia kiwango. Tukiwa wakweli, pande zote mbili zilikuwa na hoja. Klabu isiyo na kiwango hugeuka kijiwe. Klabu isiyojali wanachama wake hugeuka mali ya mtu mmoja. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa chama cha wanafunzi anajua kwamba mvutano huu haumalizwi kwa kura.

Mwaka 1902 akaacha uhariri. Mwaka huohuo akaanzisha kundi lake, Photo-Secession, yaani wapiga picha waliojitenga, na mwaka 1903 jarida lake mwenyewe, Camera Work. Novemba 1905, akishirikiana na Edward Steichen, akafungua nyumba ndogo ya maonyesho kwenye jengo namba 291 la Fifth Avenue. Lakini uanachama wa klabu ya zamani hakuuacha. Uhasama ukazidi, hadi mwaka 1908 viongozi wakamtaka ajiuzulu. Akagoma. Wakamfukuza. Akachukua hatua za kisheria, wakamrudisha, na baada ya kurudishwa akajiuzulu kwa hiari yake. Alitaka kutoka kwa mlango wake mwenyewe.

Kabla ya hapo, mwaka 1907, alikuwa amepiga picha iliyompa jina kubwa kuliko zote. Alikuwa na mke na binti yake kwenye meli Kaiser Wilhelm II, daraja la kwanza. Siku moja alitembea hadi mwisho wa sitaha, akatazama chini, akaona abiria wa daraja la chini kabisa wamebanana: akina mama na shuka zao, watoto, wanaume wenye kofia, na daraja jeupe likikatiza katikati. Kwa maelezo yake, alibakiwa na kioo kimoja tu ambacho hakijatumika. Wengi huiangalia picha hiyo wakidhani ni wahamiaji wanaofika Marekani. Sivyo. Meli ilikuwa inaelekea Ulaya. Wale ni watu wanaorudi. Kwetu sisi tunaoishi ugenini, jambo hilo peke yake linatosha kutufanya tuitazame picha upya.

Kuna sura nyingine inayotuhusu moja kwa moja. Novemba 1914, kwenye hiyo nyumba namba 291, Stieglitz alionyesha sanamu za mbao kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, zilizoletwa kutoka Paris. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza nchini Marekani kazi za Waafrika kutundikwa kama sanaa, si kama vitu vya ajabu vya makumbusho. Mwanzoni mwa mwaka 1915 alipiga picha ya chumba hicho, sanamu ya Wakota wa Gabon ikiwa pamoja na kazi za Picasso na Braque. Ni heshima, lakini heshima yenye doa. Jina la maonyesho yale liliwaita waliozichonga washenzi, na papo hapo likadai kazi yao ndiyo mzizi wa sanaa ya kisasa. Picasso alitajwa kwa jina; mchongaji wa Kiafrika hakutajwa hata mmoja. Tumpe Stieglitz sifa yake, na deni hili nalo tulitaje.

Camera Work iliwahi kuwa na wasomaji wa kudumu karibu 1,000. Ilipofungwa mwaka 1917 hawakufika 40. Namba 291 ikafungwa mwaka huohuo. Stieglitz hakunyamaza. Alimpiga mchoraji Georgia O'Keeffe picha zaidi ya 300, akamwoa mwaka 1924, na tangu mwaka 1922 akageuzia kamera yake mawinguni, akapiga picha zaidi ya 200 za anga tupu. Alitaka kuonyesha kwamba picha nzuri haihitaji mtu maarufu wala mahali pa fahari. Mawingu ni ya kila mtu, hayana kiingilio. Alifariki New York tarehe 13 Julai 1946, akiwa na miaka 82.

Na klabu ile je? Haikufa alipoondoka. Kijana mmoja mzaliwa wa New York, Paul Strand, alijifunza kazi kwenye chumba chake cha giza, na alianza kufika namba 291 tangu angali mwanafunzi. Stieglitz, aliyefukuzwa na klabu hiyohiyo, ndiye aliyempa Strand toleo la mwisho la Camera Work mwaka 1917. Miaka mingi baadaye, mwaka 1963 na 1964, Strand alikwenda Ghana kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah, akapiga picha za wakulima, wanafunzi, masoko na viwanda vya taifa changa. Kitabu chake cha Ghana kilitoka mwaka 1976, na safari hii watu wetu hawakuitwa washenzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipita mbele ya meza ya klabu ya kamera usiogope. Ukiingia, lipa ada, tumia chumba, gombana inapobidi, ila picha yako usikubali kuitupa kwa sababu wenzako wamecheka. Penye wengi pana mengi, na mengine ni mema.