Ken Saro-Wiwa: Mtetezi wa Ardhi ya Waogoni

Mwandishi Ken Saro-Wiwa alizaliwa mwaka 1941 mjini Bori, kusini mwa Nigeria. Mafuta yalipogunduliwa katika ardhi ya jamii yake ya Waogoni mwaka 1958, uvujaji wa mabomba uliharibu mashamba na maji ya uvuvi. Mwaka 1990 alishiriki kuanzisha vuguvugu la MOSOP, lililodai kwa amani usafishaji wa mazingira na mgawo wa mapato. Tarehe 10 Novemba, 1995, Serikali ya kijeshi ilimnyonga pamoja na wenzake wanane kwa tuhuma za mauaji walizozikana. Mwaka 2011, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilithibitisha uchafuzi huo na kukadiria kuwa urejeshaji wa mazingira utachukua miaka 25 hadi 30.