Bwana Stanley na Bunduki Zake Mbili

Kwetu ni Ulaya. Wenzangu wa bwenini hucheka kila nisemapo hivyo, lakini si Ulaya ya ng'ambo. Ni Ulaya ya Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi. Kaskazini na mashariki yetu liko bonde la Mkata, na Kilosa penyewe wapita mto Mkondoa. Huko ndiko alikopita Henry Morton Stanley mwaka wa 1871, alipokuwa akimtafuta Daktari Livingstone. Habari za Ujiji sote tumezisikia darasani. Mimi napenda kuwasimulia wasomaji maisha ya bwana huyu kwa upande wa silaha zake, kwani katika mizigo yake zilikuwamo bunduki mbili zilizofanana kama mapacha, ila zilitofautiana hasa katika namna ya kuzitia risasi.

Stanley alizaliwa Denbigh, nchi ya Wales, tarehe 28 Januari 1841, na jina lake halikuwa Stanley. Aliitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na mtoto alipofika miaka sita alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akalelewa humo. Mwaka wa 1859 alivuka bahari mpaka New Orleans, Marekani, na huko akajipa jina jipya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alipigana Shiloh mwaka wa 1862 upande wa majimbo ya Kusini, akatekwa, kisha akaingia jeshi la Kaskazini. Baadaye akawa mwandishi wa magazeti. Mwaka wa 1869 mwenye gazeti la New York Herald, Bwana James Gordon Bennett, alimwagiza aende akamtafute Livingstone.

Alifika Unguja tarehe 6 Januari 1871, akanunua nguo, shanga na nyaya za shaba, akamwajiri Mbarak Bombay, aliyekwisha kusafiri na Burton na Speke, awe mkubwa wa askari wake. Watu wa safari yote walikuwa 192. Askari walipewa gumegume 24. Yeye mwenyewe alikuwa na bunduki za namna namna, na kati ya hizo zilikuwamo Henry moja na Winchester moja, zote za Kimarekani, kila moja ikihesabiwa kuwa ya risasi kumi na sita.

Sasa msomaji anivumilie kidogo. Bunduki hizi zote mbili zina wenzo wa chuma chini, pale mkono unaposhikia. Ukiusukuma mbele, ganda lililokwisha kulia latoka. Ukiurudisha, risasi mpya yaingia, na jogoo amekwisha kuvutika. Risasi zenyewe zimejipanga katika mrija ulio chini ya mtutu, zikisukumwa nyuma na springi. Mpaka hapo ni ndugu. Lakini Henry, iliyobuniwa mwaka wa 1860, hujazwa kwa mbele. Yakubidi uisukume springi mpaka karibu na mdomo wa bunduki, uzungushe kipande cha mbele, ndipo utumbukize risasi moja moja. Tena mrija wake una mwanya mrefu upande wa chini, ili kisukumio kipate kupita. Mwanya huo huingiza mchanga na tope. Winchester ya mwaka wa 1866 iliponya kasoro hizo kwa kitu kidogo sana: kijilango chenye springi ubavuni mwa bunduki, karibu na wenzo. Risasi huingizwa hapo kwa kidole gumba, hata kama moja imo tayari mtutuni, na mrija umefungwa pande zote. Zaidi ya hayo wakaongeza ubao chini ya mtutu, mkono usiungue.

Mtu akisoma hayo akiwa amekaa kitini ataona ni mambo madogo. Lakini Mkata si kiti! Msafara ulifika huko masika, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, na sisi wenyeji twajua masika ya Mkata. Watu walitembea ndani ya maji na matope, punda wakazama na kufa, Stanley akashikwa na tumbo la kuhara damu, na mbwa wake Omar akafa. Katika hali kama hiyo gumegume, ambayo baruti yake hukaa kwenye kisahani, hugeuka rungu tu. Risasi za ganda la shaba hustahimili maji. Lakini bunduki yenye mwanya chini ya mtutu, ikianguka topeni mara moja, mwenyewe atakaa chini aitoe tope kwanza. Kama mimi ningeulizwa kwenye ukingo wa mto Mkata nichague moja, ningeitwaa Winchester bila kufikiri mara mbili. Hata hivyo zote mbili zilikuwa dhaifu kwa nyama wakubwa, maana baruti ya risasi zile ilikuwa kidogo. Kwa nyati hazikufaa.

Wala wingi wa risasi haukuwa kinga ya kila jambo. Karibu na ziwa la Gombo, kwa masimulizi yake mwenyewe, risasi ilipita usiku katika hema lake baada ya kugombana na Mzungu mwenziwe, John Shaw. Mwezi wa Agosti, huko Unyamwezi, alijiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga Mtemi Mirambo. Watu wa Mirambo walijificha majanini wakawavizia Waarabu waliokuwa wakirudi na mateka, wakawaua wengi, na waliosalia wakakimbia. Stanley, akiwa na homa, alikimbia pamoja nao, na bunduki zake.

Alimkuta Livingstone Ujiji mwaka huo huo, mwezi wa Novemba kwa hesabu yake. Salamu aliyosema kuwa alimpa ni mashuhuri mno, nami siirudii. Karatasi za siku hiyo katika shajara yake zilichanwa.

Alirudi tena Afrika mara kadhaa. Mwaka wa 1875, katika kisiwa cha Bumbire, Ziwa Viktoria, aliwapiga risasi wenyeji kutoka mitumbwini, na habari alizoandika mwenyewe zikawaudhi watu wengi Uingereza. Kisha alimfanyia kazi Mfalme Leopold huko Kongo, kazi iliyowafungulia njia watu waliowatesa Wakongo. Mwaka wa 1887, alipokwenda kumtoa Emin Pasha, alichukua Winchester 50 na Remington 510, pamoja na bunduki ya mtambo ya Maxim. Henry haikuwa na nafasi tena.

Alifariki London tarehe 10 Mei 1904. Alitaka azikwe Westminster Abbey karibu na Livingstone, akakataliwa. Amezikwa Pirbright, chini ya jiwe kubwa lililoandikwa jina lake, na lile aliloitwa Kongo, Bula Matari, yaani mvunja mawe.