William Jones na Watoro wa Rabai

Leo mtoro ni mwanafunzi akwepaye masomo. Pwani ya karne ya 19, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Nami nilisikiapo neno hilo humkumbuka William Jones.

Jones aliuzwa utotoni, akakombolewa, akalelewa India. Mwaka wa 1864 alirejea Afrika kutumikia misheni ya Rabai, Kilifi. Mwaka wa 1885 akawekwa wakfu kuwa shemasi. Watoro wa mashamba ya pwani walipomkimbilia, aliwapokea, ijapokuwa wakuu wa misheni walikataza na mabwana walitisha kushambulia. Januari 1, 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza aliwalipa mabwana fidia, na watumwa zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Waliotumikishwa hawakulipwa kitu. Hata hivyo, damu haikumwagika.

Wengi hudhani kuwapenda watesi ni kuwaridhisha. Mimi naona ni kuwanyima kisasi na kuwanyima mateka pia. Mwalimu amfundishaye mtoto kumsamehe mwonevu na amfundishe pia kutomkabidhi mwenzake.